Mpira wa Upawa Niliomtangazia Dada

Mimi kazi yangu ni mdomo, na sioni haya kusema hivyo. Kabla sijaanza kununua mizigo Guangzhou nilikuwa mtangazaji wa mpira wa miguu katika redio moja ndogo pale Morogoro. Nilikaa juu ya jukwaa la mbao, jua linanichoma kisogo, nikiwaeleza watu walioko majumbani kitu wasichokiona. Wakati mwingine na mimi sikukiona vizuri, ikabidi nitie chumvi. Redio ile ilipoacha kutangaza mechi, kwa sababu zao ambazo hadi leo zinanikera, dada yangu alinichukua. Alikuwa na duka la nguo na simu karibu na soko kuu. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kwa hiyo aliponiambia niende China hakuwa ananiomba.

"Utaenda wewe," alisema. "Huo mdomo badala ya kupigia watu kelele, ukaombe punguzo."

Basi nikaenda. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, Guangzhou inajengwa kila upande unaogeuka, na sisi wa kutoka Tanzania bara tulikuwa wengi kiasi cha kuwa na kikundi chetu cha sala. Asubuhi ulikuwa Liuhua, karibu na stesheni ya treni, kwa viatu na nguo. Mchana Shisanhang, kwa nguo tena. Jioni unafunga marobota mpaka vidole vinanata gundi ya selotepu. Kichina chetu kilikuwa cha sokoni tu: mwenye duka unamwita laoban, unauliza bei, naye anakujibu meiyou, yaani hakuna, kabla hata hujamaliza kuuliza. Pesa ilikuwepo, chakula kilikuwepo. Lakini nilikuwa sina wa kumtangazia, na mtu wa kazi yangu akinyamaza muda mrefu anaanza kuwa mgonjwa wa kitu kisicho na jina. Nilianza kwenda na kurudi bila kusikia chochote moyoni.

Mchezo wa lakrosi niliukuta Yide Lu, mtaa wa jumla wa vifaa vya kuchezea watoto, daftari na vyakula vikavu. Nilikuwa natafuta wanasesere wa duka la dada. Mbele yangu alisimama jamaa mrefu, nywele amezisuka mkia mmoja mgongoni, anabishana na muuza kamba za ngozi kwa mikono, maana Kichina chake kilikuwa kibaya kuliko changu. Nilimwonea huruma, nikaingilia. Tulipomaliza nikaona kilichokuwa begani mwake: fimbo ndefu ya mti, imekunjwa juu kama ndoana, na kwenye lile kunjo pamesukwa wavu wa ngozi.

"Hiyo ni ya kuvulia samaki?" nikamuuliza kwa Kiingereza.

Alicheka mpaka laoban akatuangalia. Akaniambia hiyo ni fimbo ya lakrosi, ameichonga mjomba wake kwa mti mgumu wa kwao uitwao hikori. Mti unafukizwa mvuke, unakunjwa, unafungwa, halafu unaachwa miezi ukauke ukiwa umeshikilia umbo hilo. Akanipa niishike. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na pale penye mkono palikuwa laini kwa kushikwashikwa. Nikamuuliza kwao ni wapi, Kanada au Marekani? Akasema si Kanada wala Marekani. Yeye ni Mmohawk, mmoja wa mataifa sita ya Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu, ambao walikuwepo kabla hiyo mipaka haijachorwa na nyumba zao zikajikuta pande zote mbili. Guangzhou alikuwa mkaguzi wa bidhaa katika kiwanda cha nje ya mji, kiwanda kinachotengeneza fimbo za lakrosi za plastiki.

"Mchezo wenu mnatengenezewa huku?" nikamuuliza.

"Nguo zenu je?" akanijibu.

Nikampenda hapo hapo, maana mimi mtu anayenirudishia maneno ndiye rafiki yangu.

Jumamosi ile nikaenda kuwaangalia, katika uwanja wa chuo kimoja ng'ambo ya mto. Walikuwa mchanganyiko: walimu wa Kiingereza, wanafunzi wa kigeni, vijana wa Kichina wavulana kwa wasichana, wote na fimbo za plastiki. Ile ya mti jamaa aliiacha imefungwa ndani ya begi. Kwao fimbo ya mti ya mwanamume mwanamke haigusi, na pale uwanjani wasichana walikuwa wanaokota fimbo yoyote iliyo karibu. Hakutaka kumkataza mtu wala hakutaka kuvunja cha kwao, basi akaiweka mbali. Mpira ukaanza. Jamani! Kile kimpira kidogo kigumu kinapita hewani huwezi kukifuata kwa jicho. Mtu anakidaka na wavu, anakimbia huku anakibembeleza, mkono unakwenda na kurudi kama unamlaza mtoto, na wenzake wanamkimbilia wamtandike fimbo za mikono. Na nyuma ya goli mpira hautoki nje! Unachezwa hata nyuma ya goli. Miaka yote nilitangaza mpira ambao nyuma ya goli ni mahali pa kupumzikia, pa kuwasalimia wasikilizaji wa Kilosa na Mvomero. Hapa hapakuwa na pa kupumzikia.

Kulikuwa na kipaza sauti cha mkononi wanachoitia watu. Sikuomba ruhusa. Nilikichukua nikaanza kutangaza, Kiingereza kikinishinda naingiza Kiswahili, na mwisho kilikuwa Kiswahili kitupu. Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi, na walifurahi hivyo hivyo. Nilirudi nyumbani sauti imekauka. Nilikuwa hai. Tangu hapo kila Jumamosi nilikuwa pale.

Baada ya mchezo tulikuwa tunakaa kwenye ngazi za saruji, naye ananisimulia. Kwao mchezo huu ni zawadi ya Muumba, na watu wanaucheza ili Muumba afurahi akiwaangalia. Mtoto wa kiume akizaliwa anawekewa kifimbo kando yake. Mwanamume akifa anazikwa na fimbo yake, aende nayo akaendelee kucheza. Zamani kijiji kilicheza na kijiji katika nchi isiyo na chokaa wala kona. Wakaja mapadri wa Kifaransa, wakaona, wakaupa jina lao. Wakaja wengine wakauandikia sheria. Halafu, na hapa mimi ndipo nilipopandwa na hasira, wakawakataza wenyewe wasishindane. Yaani mtu anakuja kwako, anachukua mchezo wako, anautia vipimo, kisha anakwambia wewe huruhusiwi! Nilikasirika kuliko yeye. Yeye alikuwa anafunga kamba za viatu.

Hasira hiyo niliipeleka Liuhua, kwenye kibanda cha chai tulipokuwa tunakutana wafanyabiashara. Hawakuijali hata kidogo. Waliuita mpira wa upawa, kwa sababu niliwaonyesha picha kwenye simu na mtu mmoja akasema hizo si ni pawa za kupakulia mchuzi? Likashika. "Leo upawa saa ngapi?" ndiyo ikawa salamu yangu. Mmoja tu alinielewa, mama mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa ananunua vitenge, mnene, mcheshi, Kifaransa mbele Kiswahili nyuma.

"Kwa Kifaransa, krosi ni fimbo ya askofu," alisema. "Bale mapadri baliona fimbo, bakawaza askofu wabo. Na sasa inatengenezwa huku. Sawa tu na kitenge yetu."

Mchungaji wetu hakucheka wala hakuelewa. Siku za kazi alikuwa mnunuzi wa viatu kama wengine, Jumapili alituongoza sala katika chumba cha hoteli. Nilipomweleza habari za Muumba na fimbo ya kuzikwa nayo, alikunja uso akasema hayo ni mambo ya mizimu, nijihadhari. Nikamwambia mchungaji, Muumba ni mmoja au wako wawili? Uwanjani hakukanyaga.

Dada ndiye aliyekuwa msikilizaji wangu. Kila Jumapili nilinunua kadi ya simu, nikampigia, nikamsimulia mchezo wa jana mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza huku anapika, nasikia mwiko unagonga sufuria.

"Mmekwenda mpaka China kupigana fimbo?" alikuwa anasema. "Si mngebaki tu hapa na ng'ombe?"

Nilipomwambia fimbo ya mti mwanamke haigusi, akasema, "Na mimi sufuria zangu mwanamume asiguse, mbona sijaandikwa popote?" Mume wake, shemeji yangu, mtu mpole asiyeongea, nilimsikia anacheka nyuma.

Halafu akaanza kuumwa. Kwanza ikasemwa ni presha, miguu inavimba. Baadaye ikawa figo. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Nilitaka kurudi, akanikatalia kwa ukali, akasema mizigo ya sikukuu nani ataifunga, nikija nitamtibu na nini, na mdomo? Nikabaki. Ganzi ile ya mwanzo ikarudi. Nilikuwa napanga nguo kwenye robota naona mikono ya mtu mwingine inapanga. Chakula nilikula kwa sababu saa ya kula imefika. Wenzangu wakiniuliza hali ya mgonjwa nilijibu vizuri kabisa, kwa sauti ya redio, kama habari ya mkoa mwingine.

Siku moja kwenye zile ngazi nikamwambia jamaa wa fimbo. Akasema kwao mtu akiugua sana upo mchezo unaochezwa kwa ajili yake. Hapo magoli si kitu. Watu wanacheza kwa nguvu zote na kwa moyo safi, ukipigwa hukasiriki, na nguvu ile inamwendea mgonjwa.

"Mchezeeni dada," nikasema. Lilinitoka tu.

Akatikisa kichwa. Akasema mchezo wenyewe wa dawa unachezwa kwao, na unasimamiwa na wanaoujua. Yeye hana ruhusa ya kuubeba mkononi na kuuleta Guangzhou. Aliona nimeinama, maana baadaye akaongeza: "Lakini kucheza tukimkumbuka tunaweza. Hiyo hakuna anayetukataza."

Jumatano usiku, kwao ikiwa bado jua, nikampigia dada hospitali. Sauti yake ilikuwa chini, lakini ni yeye. Nikamwambia Jumamosi utachezewa mpira na watu wa mataifa.

"Mimi?" akasema. "Wenye pawa?"

"Wewe. Na mimi nitakutangazia moja kwa moja kwenye simu. Usilale."

"Haya, nitakuwa pale," akasema. "Ila utangaze vizuri, usije ukaniongopea kama ulivyozoea. Nikikukamata unaongopa nakata simu."

Nikaapa sitatia chumvi.

Kesho yake nilisafiri kwenda mji wa mbali kuangalia kiwanda cha mashati. Huko nilikuwa peke yangu, sina Mswahili hata mmoja. Nikampigia shemeji kuuliza hali, akasema, "Anapumzika." Nikasema basi msimwamshe. Ijumaa hivyo hivyo, anapumzika. Mchungaji naye alinipigia, jambo ambalo si kawaida yake, akaniuliza narudi lini. Nikasema Jumamosi, nikishuka treni naenda moja kwa moja uwanjani. Akasema sawa, safari njema.

Jumamosi nikashuka Liuhua na begi langu, nikaunganisha basi mpaka uwanjani. Jamaa alishawaeleza wachezaji. Aliwakusanya katikati, akaniomba nitaje jina la mgonjwa. Nikalitaja. Akawaambia wamweke moyoni, wasichezeane kwa chuki. Wasichana walikaa nje siku ile kwa hiari yao, walishaelezwa, na yeye akatoa ile fimbo ya mti kwenye begi. Nikapiga simu ya dada. Akapokea shemeji.

"Mgonjwa anaweza kusikiliza?"

Kulikuwa na watu wengi nyuma yake, naisikia minong'ono. "Nani hao?" nikauliza.

"Watu," akasema. "Wamekuja kumwangalia." Nikasikia anawanyamazisha. "Haya. Tangaza, shemeji. Anasikia."

Mara naona watu wanaingia getini. Nilishtuka kwa furaha. Wafanyabiashara wetu wote! Wale wa viatu, wale wa simu, mama wa Lubumbashi amejifunga kitenge, na mbele yao mchungaji. Wakapanda ngazi za saruji wakakaa, wanaume upande huu na wanawake upande ule, kimya. Nikajisemea, wamekuja kumwombea dada, hata mchungaji ameukubali mpira wa upawa. Niliwapungia mkono. Mama wa Lubumbashi akainua mkono nusu, akaushusha. Kwangu mimi, mtu aliyekuwa ametangaza kwa miezi mingi mbele ya ngazi tupu, lilikuwa jambo kubwa. Nilikuwa na mashabiki.

Nikatangaza. Niseme kweli, sijawahi kutangaza vile tena, na wala sitarajii. Mechi isiyo na mshindi inatangazwaje? Hakuna cha kungojea mwishoni, basi nilikamata kila kitu kinavyopita. Nilimwambia dada nyasi zilivyokuwa, mawingu yalivyokuwa. Nikamwambia jamaa ameudaka mpira na fimbo ya mjomba wake, anaubembeleza, anaubembeleza, amepigwa begani, hakukasirika, amegeuka, yupo nyuma ya goli, usipumue, dada, nyuma ya goli, amezunguka, ameupiga, umeingia! Nikamwambia Mchina mmoja mfupi ameanguka na aliyemwangusha amemnyanyua. Nikamwambia mashabiki wamejaa. Sikutia chumvi hata punje.

Katikati nikauliza, "Shemeji, anacheka?"

"Anacheka," akasema shemeji. "Endelea."

Nikaendelea. Mpira ulikuwa umebaki kidogo kwisha kadi ya simu ikaisha kwanza. Nikamalizia kutangaza bila simu, kwa mazoea.

Walipoacha kucheza niligeukia ngazi. Wote walikuwa wamesimama. Wanashuka kwa pamoja, taratibu, hakuna anayemtangulia mwenzake. Nikawatania. "Haya, nani leo atasema tena upawa?" Hakucheka mtu. Mama wa Lubumbashi akanifikia, akaichukua simu mkononi mwangu, akaishika yeye. Mchungaji akaniwekea mkono begani.

"Tukae kwanza, ndugu yangu," akasema.

Mtu wa kwetu akiambiwa tukae kwanza, na watu wamemzunguka, hana haja ya kuambiwa la pili. Sisi mtu aliye mbali hatumpi msiba akiwa peke yake. Tunamdanganya kwa upole, tunamwambia mgonjwa anapumzika, tunawatafuta watu wake popote walipo wakakae naye, ndipo aambiwe katikati yao, ili akianguka awe na wa kumdaka. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa kati ya watu wa kukaa na mtu hivyo. Na bado nilisimama pale nikiwapungia mkono.

Dada alikuwa amefariki Alhamisi. Shemeji alimpigia mchungaji siku ile ile. Walikuwa wananingoja nirudi, na walipofika uwanjani wakanikuta nipo kwenye simu na msiba wenyewe. Hakuna aliyejua anikatize vipi. Wakaamua kukaa.

Wanawake walilia. Wanaume waliinamisha vichwa. Mimi moyoni sikusikia kitu. Niliangalia zile koni za plastiki za uwanjani, nikawaza nani anazikusanya leo. Nikawauliza kwa sauti kabisa, "Koni zinakusanywa na nani?" Mama wa Lubumbashi akanikumbatia kwa nguvu mpaka sikuweza kuinua mikono.

Jamaa wa fimbo akaja, jasho linamtiririka, hajui. Nilimwambia mimi mwenyewe, kwa Kiingereza kizuri, na ile sauti yangu ya redio. Akauliza lini. Nikamwambia. Akaitazama fimbo yake, akawatazama watu wote waliokaa pale.

"Basi tulikuwa tunawachezea ninyi," akasema.

Nilimchukia kwa neno lile. Sikutaka kuchezewa. Mimi sikuwa mgonjwa, na mgonjwa niliyemtaja alikuwa mmoja tu na ana jina lake. Nikampa mgongo. Hakunifuata, alikwenda kuokota zile koni moja moja.

Tiketi walishaninunulia. Niliondoka jioni ile ile na begi lile lile la safari ya mashati. Nilifika Morogoro kabla ya mazishi, nikapokelewa kwa vilio, nikasimama pale nilipoambiwa nisimame, nikatupa udongo nilipoambiwa nitupe. Watu walisema nimejikaza kiume. Sikujikaza hata kidogo. Hapakuwa na cha kukaza. Niliitwa kuwashukuru waombolezaji kwa niaba ya familia kwa sababu nina sauti, nikawashukuru vizuri sana, sikukosea jina la mtaa wala la kiongozi. Nilijichukia nikiwa nasema.

Baada ya watu kutawanyika nikatoka nyuma ya nyumba. Shemeji alikuwa amekaa peke yake kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikakaa chini karibu naye. Tangu nifike hatukuwa tumeongea zaidi ya pole. Nilikuwa nimepanga kumwuliza kwa hasira kwa nini aliniacha nitangaze vile, mbele ya msiba, kama mwendawazimu. Nikafungua mdomo, akanitangulia yeye, mtu asiyeongea.

"Nilitaka kukata," akasema. "Ulipoanza tu, nilitaka kukata. Kidole kilikuwa pale. Nikaenda nayo chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani upande wangu."

Nikasogea karibu zaidi.

"Mimi ule mpira siujui, shemeji. Lakini ulivyokuwa unausema niliuona. Yule aliyezunguka nyuma ya goli, alipofunga..." Akajifuta uso kwa kiganja. "Alipofunga nikageuka upande wake. Nikamwambia, umemsikia huyo mdogo wako?"

Akauangalia mkono wake, kama vile alikuwa bado anautafuta ule upande wa kitanda.

"Halafu simu ikakatika. Nikabaki nimegeuka vile vile. Sikujua uliishaje."

Nikataka kumwambia. Ilikuwa kazi yangu, na mpira wote nilikuwa nao kichwani, mpaka pigo la mwisho. Nikasema, "Jamaa akaudaka..." na hapo sauti ikanikatalia. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Nikalia nikiwa nimemshika shemeji goti, kwa kelele, bila aibu, mpaka majirani wakarudi.